Mama Randa, Seremala Aliyewinda Mabomu ya Mbao

Ndugu, jamaa, majirani, wanakwaya, na ninyi mliokuja na sare zenu za kazi ya kutegua mabomu, tunamshukuru Mungu aliyetukutanisha hapa langoni. Mama yetu alituachia agizo kuhusu maneno haya: yasomwe nje ya uwanja wa makaburi, kabla jeneza halijaingia. Sababu yake mtaisikia. Aliagiza pia yasiwe marefu. Kwa hilo tunamwomba radhi.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 11 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba yake, mtaa wa stesheni. Alikuwa mtoto wa tatu wa Seremala na mkewe mshonaji, na binti yao wa pekee. Uchungu ulimshika mama yake akiwa amepeleka chai karakanani. Mkunga alipofika alikuta mtoto ameshazaliwa na amelazwa kwenye kikapu cha maranda, yale maganda laini yanayotoka mbao inapopigwa randa.

"Nani kamlaza mtoto kwenye uchafu?" mkunga akafoka.

"Huo si uchafu, mama," Seremala akajibu. "Hakuna kitanda laini kuliko hicho katika mtaa huu wote."

Jina la Randa likamganda tangu siku hiyo. Jina la ubatizo alilipata baadaye, lakini hata mchungaji aliyembatiza alimwita Randa mpaka anastaafu.

Alisoma shule ya msingi ya stesheni kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha akachaguliwa kwenda shule ya sekondari ya bweni ya wasichana, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1978. Alikuwa mwanafunzi wa katikati darasani, isipokuwa jiometri, ambayo aliila kama mkate. Kilichomfanya akumbukwe pale ni mabenchi ya bwalo. Yalikuwa yakiyumba, uji ukimwagika kila asubuhi. Randa akaomba ruhusa ayatengeneze. Mwalimu mkuu akamwambia, "Binti, useremala ni kazi ya wanaume."

"Ni mbao ndiyo imesema hivyo, mwalimu?"

Kwa jibu hilo alifagia uwanja wiki nzima. Wiki iliyofuata alipewa nyundo. Wanaosema kiburi hakilipi hawakuwahi kukaa kwenye mabenchi yale.

Alirudi karakanani mwaka 1979, akafanya kazi bega kwa bega na baba yake. Ndipo alipokuja fundi baiskeli mmoja kijana, mwenyeji wa mteremko huu tulipo leo, kuagiza sanduku la kuwekea spana zake. Alilichukua, akalirudisha. Eti mfuniko haukukaa vizuri. Randa akaupiga msasa, akampa. Akalirudisha tena. Mara ya tatu Randa aliuweka mfuniko juu ya sanduku, ukaingia kimya kama kope juu ya jicho, akamtazama yule kijana usoni.

"Mfuniko hauna kosa. Wewe ndiye una neno na hujui pa kulianzia."

Walifunga ndoa kanisani Jumamosi, tarehe 17 Desemba 1983. Mama mkwe alimpokea kwa mikono miwili na kumwambia mbele ya watu, "Mwanangu hajawahi kuchagua kitu kizuri, hata baiskeli. Leo amenishangaza." Waliishi nyumba ile ya bati mnayoiona kutoka hapa. Mungu aliwajalia watoto wawili: binti mwaka 1985, ambaye sasa ni muuguzi, na mtoto wa kiume mwaka 1988, ambaye ni seremala. Katika miaka hiyo wazazi wa mumewe walitangulia mbele za haki, mama mkwe mwaka 1987 na baba mkwe mwaka 1989. Wote wawili wamelala ndani ya lango hili, kule juu penye ukuta mfupi wa mawe.

Kisha vita vikaja.

Mwezi wa Aprili 1990, askari waliingia karakanani na kuweka kisanduku cha mbao juu ya meza ya kazi. Kilikuwa kidogo, ungeweza kukidhania cha chaki. Walitaka vingine kama hicho, lori zima. Mbao wangeleta wao.

"Vya kuwekea nini?" Seremala akauliza.

"Sabuni ya askari, mzee."

Seremala alikigeuza mikononi. Mfuniko wake haukukaa. Ulielea juu ya mdomo wa sanduku kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto, tayari kushuka ukiguswa. Alikitua taratibu. "Miaka yote hii natengeneza masanduku," akasema, "sijaona sabuni inayosubiri kukanyagwa."

Askari wakampa mpaka kesho yake. Mzee hakubishana. Walipoondoka alimwita binti yake, wakaifukia misumeno yote, patasi na randa chini ya lundo la maranda. Kesho yake aliwaambia wale askari kwamba wezi wamepita. Walimpiga, wakavunja meza ya kazi kwa vitako vya bunduki, wakaenda kutafuta fundi mwingine. Walimpata. Familia yetu haijawahi kumhukumu fundi huyo, na Mama Randa alitukataza hata kulitaja jina la mtaa wake. Alisema mtu aliyewekewa bunduki kisogoni haulizwi kwa nini mkono wake ulikata mbao. Seremala hakupona sawasawa. Alifariki mwaka 1992, naye binti yake aliifukua misumeno siku ya arobaini.

Mteremko huu unaitazama barabara kuu, na kwa sababu hiyo majeshi yote yaliutaka. Mwaka 1991 watu walihama, na nyuma yao ardhi ikategwa mabomu: kisimani, njia ya shule, mashambani, mpaka hapa makaburini. Watu waliporudi mwishoni mwa mwaka 1993, kilikuja kikosi cha kwanza cha kusafisha. Walikuwa watu wema, na walifanya kazi kwa bidii kabla ya mvua. Walipita na mashine zao za kutafutia chuma, wakatoa mabomu ya chuma, na mahali mashine iliponyamaza wakasema ni salama. Mashine ilinyamaza juu ya makaburi.

Alhamisi, tarehe 6 Oktoba 1994, baada ya chai ya asubuhi, Fundi Baiskeli alichukua fyekeo. Majani yalikuwa yamefunika kaburi la mama yake.

"Unakwenda wapi na jua hili?" mkewe akamwuliza.

"Nakwenda kumnyoa mama nywele. Atasema nimemsahau."

Hakufika. Mlio ulisikika mpaka stesheni. Mama Randa na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, yule wa duka mnayemfahamu wote, waliingia kwa kukanyaga nyayo zake zile zile, mmoja nyuma ya mwingine, wakambeba mpaka hapa langoni. Hapa ndipo alipokata roho. Hakuna aliyethubutu kurudi ndani kuchimba kaburi karibu na wazazi wake, kwa hiyo alizikwa papo hapo, ndani kidogo tu ya lango. Ndilo kaburi hili lenye gurudumu la baiskeli. Kati yake na mama yake kulibaki ardhi ambayo hata mbuzi walizuiwa kuingia.

Siku ya mazishi Mama Randa alikuta kibanzi kimenasa kwenye soli ya kiatu cha mumewe. Alikisafisha kwa kanga, akakinusa, akakitambua. Ulikuwa ubao wa msonobari, laini upande mmoja, wenye alama ya msumeno usionolewa. Alisema mbele ya waombolezaji, bila kulia: "Mashine haikukosea. Inasikia chuma, na hapa hakuna chuma cha kusikia. Hawa wametega kazi ya maseremala." Kisha akageukia kaburi la mumewe. "Mimi nitalala pale katikati, kati yako na mama. Na atakayenizika hataangalia anapoweka mguu."

Wengi walidhani ni uchungu unaosema. Shemeji yake aliamini, akaogopa.

Mwaka 1996 kikaja kikosi kingine, kilichotafuta watu wa hapa wa kuwafundisha kazi hiyo. Mama Randa alifika wa kwanza. Mkufunzi wake, tuliyemzoea kwa jina la Mwalimu, alikuwa mtu mrefu aliyekosa vidole viwili na aliyecheka kirahisi. Huyo alijua habari za mabomu ya mbao kuliko kikosi kilichotangulia, kwa sababu yalikuwa yamemchukulia vidole. Alimfundisha mambo ambayo baadaye Mama Randa aliyapeleka shule kwa shule, na wengi mlio hapa mliyasikia mkiwa watoto mmekaa sakafuni.

Alikuwa akiwaambia hivi. Bomu la mbao si ushamba wa watu waliokosa kiwanda. Lilitumika katika ile vita kuu ya pili ya dunia, na waliolitumia walikuwa na viwanda vya kutengeneza vifaru. Walichagua mbao kwa sababu ni rahisi, kwa sababu fundi yeyote mwenye msumeno anaweza kutengeneza lile sanduku, na kwa sababu mashine ya kutafutia chuma ni kiziwi mbele yake. Vita ile ilipokwisha, ujanja ule haukuisha. Ulisafiri kama mafua, kutoka vita moja kwenda nyingine, mpaka ukafika kwenye meza ya baba yake. Halafu alikuwa akiwauliza watoto: "Mbao ikikaa ardhini inakuwaje?"

"Inaoza!"

"Baruti je?"

Hapo watoto walitazamana.

"Baruti haiozi. Mchwa anakula nyumba, mwenye nyumba anabaki. Na mbao inaelea. Mvua kubwa ikija, bomu la chuma linakaa lilipowekwa, la mbao linahama bila kuaga. Kwa hiyo ukiona kisanduku, hata kama jana hakikuwepo, hata kama ndani ungedhani kuna dhahabu, unafanya nini?"

"Tunasimama! Tunarudi kwa nyayo zetu! Tunamwita mtu mzima!"

"Na mtu mzima akisema si kitu?"

"Tunamwita Mama Randa!"

Tusimpambe kupita kiasi, maana mwenyewe hakupenda. Mwanzoni alikaribia kufa kwa kosa ambalo seremala peke yake angelifanya. Katika kazi ile mtu hulala kifudifudi, akachoma udongo kwa sindano ndefu, kwa mshazari, taratibu, na akigusa kitu kigumu huondoa udongo pembeni mpaka akione. Mama Randa aligusa, akaondoa udongo, akaona ubao. Badala ya kuinua mkono kumwita mkubwa wake, alipitisha kidole gumba juu ya ule ubao, kama alivyopitisha juu ya kila ubao tangu utoto wake, kusikia kama umelainika.

Mwalimu alimwona. Hakupiga kelele. Alimrudisha nyuma polepole mpaka nje ya utepe mwekundu wa kuonyesha hatari, na hapo ndipo alipompasukia.

"Umekuja kutegua bomu au kulipiga msasa?"

"Mkono umekwenda wenyewe, Mwalimu."

"Vyangu viwili pia vilikwenda vyenyewe. Nenda nyumbani. Ukirudi, rudi na mkono unaokusikia."

Alikaa nyumbani wiki mbili. Binti yake anakumbuka kwamba siku zote hizo mama yao aliweka kipande cha ubao mezani, akala, akashona, akasali mbele yake, bila kukigusa. Alirudi kazini. Tangu wakati huo hadi anastaafu hakuwahi kuumia, wala mtu yeyote aliyekuwa chini yake. Aliongoza kikosi kuanzia mwaka 2003 hadi 2018. Watu walipomsifu kwa ushujaa aliwajibu, "Bandu bandu huisha gogo. Shujaa ni mtu mwenye haraka, na sisi hatuwataki."

Sasa mtauliza, kwa nini mtu mwenye nadhiri kama yake hakuanza na makaburi? Kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeyaweka mwisho. Mwaka 1997 kulikuwa na mkutano wa mteremko mzima darasani, kupanga pa kuanzia. Kila mtu alitaka kwake. Shemeji yake alisimama na kusema kwa haki kabisa kwamba wazee wao wamefungiwa kama wezi, na waanze na makaburi. Mama Randa akanyoosha mkono.

"Shemeji, wafu wetu wako mahali pazuri, wana subira. Walio hai wana kiu. Tuanze na kisima, halafu shule, halafu njia, halafu mashamba. Makaburi yafuate."

"Na kaka yangu?"

"Kaka yako ni mume wangu. Atangoja."

Shemeji hakumsemesha kwa muda mrefu. Lakini kisima kilisafishwa, na katika njia ya kwenda kisimani walitoa visanduku vingi, vingine vikiwa vizima kama vimetoka karakanani jana yake. Kila mama aliyechota maji pale tangu siku hiyo alichota kwa sababu kuna mjane mmoja alikubali kungoja.

Tena kulikuwa na sheria mbili za kikosi, alizozirithi kwa Mwalimu na kuzishika kama amri za kanisa. Ya kwanza: hakuna mtu anayesafisha ardhi ya kwao, kwa maana mkono unaotafuta chake hutetemeka. Ya pili: aliyesafisha ndiye anayetangulia kukanyaga, mbele ya mwenye shamba, kwa miguu yake. Husemi "ni salama" kwa mdomo. Unatembea. Ndiyo maana mlimwona mara nyingi mama mtu mzima akicheza dansi ya kwaito katikati ya shamba tupu, na wenye shamba wakishangilia.

Fedha za wafadhili zilikatika, zikarudi, zikakatika tena. Mama Randa alistaafu, na makaburi yakabaki na utepe wake mwekundu. Mwaka 2020 figo zake zilianza kushindwa. Kuanzia mwaka uliofuata alikwenda hospitali ya mjini kila wiki kusafishwa damu kwa mashine. Hata huko hakuacha utani wake. Alimwambia muuguzi, "Mwanangu, mashine yako hii nayo inasikia kila kitu, au ina vitu inanyamazia?" Tunawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia. Wanakumbuka kwamba alikataa kulala wakati wa matibabu. Alisema kazi haifanywi mtu akiwa amelala.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2024 daktari aliwaeleza watoto kwamba muda si mrefu. Shemeji aliita kikao cha familia, sebuleni kwenye nyumba ile ile. Alikuwa amekwisha kupata mahali kwenye makaburi ya mjini.

"Tusidanganyane," alisema. "Pale ndani sitaingia, na hakuna mtu atakayeingia. Tutambeba mama yenu mpaka langoni, halafu itakuwaje? Watu watasimama nje na jeneza mabegani. Nimeshamtoa kaka yangu mle. Siwezi kumwingiza shemeji yangu."

Mama Randa alikuwa amelala kwenye kochi, tukidhani amesinzia. Akasema bila kufungua macho: "Shemeji, unaogopa kwa sababu unatupenda. Endelea kuogopa, ila usinipeleke mjini. Kikosi kinarudi mwezi wa sita."

Kilirudi kweli, kikiongozwa na kijana aliyemfundisha mwenyewe, ambaye wenzake humwita Kimya. Mashamba yote yalikuwa yamekwisha kusafishwa. Yalibaki makaburi peke yake, na sheria ikamgeukia aliyeitunza: hapa ni kwao, hangeweza kuingia hata kama figo zingekuwa mpya. Aliyekataa maisha yake yote kuamini "salama" ya mtu mwingine alipaswa sasa kukaa nje na kuamini.

Kila siku asiyokwenda hospitali mwanawe alimbeba mpaka hapa, akamkalisha kwenye kigoda nyuma ya utepe. Siku za kwanza hakuvumilia.

"Kimya! Kushoto kwako udongo umelegea, uone!"

"Nimeona, mama."

"Mshazari, baba, mshazari! Usisimamishe sindano!"

Kimya aliinuka, akatoka hadi kwenye utepe, akavua kofia yenye kioo. "Mama, ulituambia anayemsemesha mtu aliye kazini anamtafutia jeneza. Ukiendelea, nakunja vifaa."

Mama Randa aliufungua mkoba wake. Akatoa kipande cha ubao, kile kile cha zamani, akakiweka mapajani mbele ya macho yake. Tangu siku hiyo hakuwasemesha tena wakiwa kazini. Sisi tuliomjua tunaamini hakuwahi kufanya kazi ngumu kuliko ile.

Walitoa mabomu mengi kuliko ilivyotarajiwa. Mengine mbao zilikuwa zimeliwa na mchwa, imebaki baruti imelala peke yake kwenye udongo wenye umbo la sanduku. Moja lilikuwa limetiririka na mvua mpaka likalala kandokando ya kaburi la mama mkwe, kana kwamba limekwenda kuomba msamaha. Liliharibiwa salama.

Ijumaa, tarehe 2 Agosti, kabla ya adhuhuri, Kimya alitoka mbele ya lango akiwa ametapakaa udongo kifuani.

"Mama, tumemaliza."

"Mashine ilisemaje?"

"Mashine sikuiuliza. Nimekwenda kwa sindano na vidole, kila mahali, kama ulivyonifundisha."

"Kidole gumba je?"

Kimya akacheka, jambo ambalo ni nadra. "Kidole gumba nilikifunga na plasta, mama."

"Basi tembea."

Akavua viatu. Alitembea kutoka lango hadi ukuta wa mawe, akarudi, akaruka, akakanyaga kila pembe, na mwisho, kijana yule asiyesema, akacheza. Mama Randa hakupiga makofi. Aliomba avuliwe kandambili zake. Binti yake akamshika upande mmoja, mwanawe upande wa pili. Shemeji alikuwa amesimama kule barabarani, mgongo ameuegemeza kwenye pikipiki yake. Mama Randa alivuka lango. Alipita kaburi la mumewe, akaligusa gurudumu likazunguka kidogo. Akaendelea mpaka juu. Pale akajishusha chini, ikachukua muda, akaanza kung'oa majani kwenye kaburi la mama mkwe wake, kwa mikono, shina moja moja. Watoto walitaka kumsaidia, akawazuia. Aliposhindwa kuinuka alibebwa, na alipofika tena kwenye kaburi la mumewe alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeingia nyumbani kutoka sokoni:

"Nimeshamnyoa mama."

Mama yetu alifariki Jumanne, tarehe 20 Agosti 2024, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, dirisha likiwa wazi upande wa mteremko. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Neno lake la mwisho kwa mwanawe lilikuwa la kikazi: alitaka kujua kama mfuniko umekaa. Umekaa, mama. Mwanao alilitengeneza jeneza hili katika karakana ya babu yake, kwa misumeno ile ile iliyowahi kufukiwa chini ya maranda, na mfuniko umeingia kimya kama kope juu ya jicho.

Ameacha watoto wawili, mkwe mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wajukuu watano, kaka yake mmoja aliye hai, shemeji yake, wana kikosi aliowaita wanangu wa chini ya utepe, na Mwalimu, ambaye afya haikumruhusu kusafiri, lakini ametuma salamu kwamba leo saa hizi amevua viatu huko aliko.

Sasa sababu ya kusomea nje ya lango. Mama yetu alijua kwamba wengi wenu hamjavuka hapa kwa miaka thelathini. Alijua miguu ina kumbukumbu kuliko kichwa. Hakutaka mtu asukumwe. Aliagiza kwamba aliyesafisha atangulie, kwa hiyo Kimya atatangulia, peku. Watamfuata wabebaji. Wa mbele kulia anapaswa kuwa mtu wa ukoo, na jana jioni tulikuwa hatujampata. Leo asubuhi shemeji yake amekuja na kuomba nafasi hiyo mwenyewe. Tayari amesimama hapo. Viatu vyake viko kando ya lango, mnaviona.

Baada yao, ingieni ninyi. Msipange mstari, msifuate nyayo za mtu. Sambaeni. Watoto waacheni wakimbie. Kaburi lake liko katikati, kati ya mumewe na mama mkwe wake, pale pale alipopataja.

Mungu aliyempa mkono unaosikia ampokee, ampumzishe kwa amani katika ardhi ambayo yeye mwenyewe aliitafutia amani.

Lango lifunguliwe.